Makipa Watatu wa Marlène

Sogeeni, watu wa Kikula! Nanyi wa Shituru mnaotoka kazini na vumbi mabegani, tueni mizigo msikie! Mmesimuliwa habari za majemadari na ngome zao; hamjasimuliwa habari za Marlène binti Numbi, mwuza unga, Bibi wa Mizani Isiyopunja, aliyeshika simu yenye ufa kiooni akaizuia aibu mlangoni. Nawe mtandao, kigeugeu wa mchana, usikatike hata niimalize.

Adui yake alikuwa shemeji yake Isidore, mchora vibao, Mkono Usiotetemeka. Msimu mzima, katika ule mchezo wa simu ambamo kila mtu ni kocha wa timu yake, Isidore alimfunga na kumfunga tena, hata akambandika jina la Mama Zéro, na soko zima likalidaka. Sasa ilibaki mechi moja. Wakapatana mbele ya wateja: Marlène akifungwa, Isidore atalichora jina hilo juu ya kibanda chake, asipofungwa, mchoraji atachora bure atakaloamriwa. Marlène alicheka kwa sauti, lakini moyoni lilimuuma. Jina likishachorwa, hata wajukuu watalirithi.

Ndipo msiba ukashuka. Mabeki wake wa kati walikuwa wamekula kadi nyekundu katika mechi iliyotangulia, na akibani hakuwa na beki hata wa dawa. Makipa, lakini, alikuwa nao watatu! Maana kila alipomwona kipa wa bei ya chini alimnunua, akiwaza kama mwenye duka: mlango ni mmoja, lakini kufuli zikizidi mtu hulala vizuri. Akawapanga wote, mmoja langoni na wawili mbele yake mahali pa mabeki. Kiooni majina yao yakageuka mekundu, nyota za ubora wao zikaporomoka, na simu yenyewe ikamwuliza kama ana hakika.

Isidore alipochungulia, aliinua brashi yake juu akauhutubia umati:

"Bantu ya Kikula, muangalie! Gardien anacheza défenseur! Shemeji, hii ni football ao ni salade? Rangi iko tayari, na pinceau iko na njaa!"

Marlène akapanda juu ya kiti cha plastiki, akanena:

"Isidore, sikia bien! Kazi ya gardien ni moya tu: kukataza. Minye niko na bantu batatu benye kukataza. Kuya, tutaonana!"

Lo, mchana ule! Mashambulizi ya Isidore yakamiminika, na maandishi yakapita kiooni: shuti, nje, shuti, mwamba, kipa aliyefanywa beki anajikwaa, mpira unamgonga kisogoni, kona. Mteja aliyetaka unga akaambiwa angoje, jambo lisilowahi kusikika katika kibanda kile. Kisha, mwishoni kabisa, mmoja wa wale mabeki bandia akaudaka mpira kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Penalti! Marlène akafumba macho. Isidore akachovya brashi katika rangi.

Kipa wa langoni akaruka, akaupangua. Filimbi ikalia. Sufuri kwa sufuri!

Soko likalipuka kwa vigelegele. Isidore akaegemeza ngazi yake kibandani polepole.

"Shemeji, niandike nini?"

"Bantu bajue hapa ni kwa coach. Andika: *Chez Coach Marlène*."

"Na zéro, tunaitupa?"

"Apana, usitupe. Weka mbili: moya yangu, moya yako."

Akazichora, kubwa, za mviringo, na Mkono Usiotetemeka ukatetemeka. Tangu siku hiyo, enyi watu wa Kikula, anzeni kuhesabu miaka yenu.