Magodoro Matatu Chini ya Mjukuu

Jumatatu, 13 Novemba

Theluji ya kwanza imeanguka Almaty. Alzhan ametembea. Hatua nne, kisha chini. Mjukuu wangu wa kwanza, mwaka mmoja na siku tisa.

Jumapili basi ni sherehe ya kumkata kamba, kijijini kwa kaka yangu, mwendo wa saa moja. Miguu inafungwa uzi mweusi na mweupe, mtu anaukata, mtoto anaanza safari yake duniani. Na anachukua tabia za aliyemkatia. Kwa hiyo ni mimi. Nani mwingine? Nimeendesha gari miaka arobaini, nimepinduka mara moja tu, na hata hiyo kosa lilikuwa la ng'ombe.

Kizuizi kimoja: Tolegen, baba mzazi wa mkwe wangu Raushan. Kuda wangu, ndivyo wakwe wanavyoitana kwetu. Naye anautaka mkasi. Amesema mezani kwamba yeye ana mkono mwepesi, wa bahati. Mkono mwepesi kweli, nyama yote ya sinia ilikuwa upande wake.

Raushan akamaliza ubishi. Ni nesi, wodi ya watoto walioumia ajalini. Alisema taratibu tu kwamba kila wiki anapokea watoto ambao babu zao walikuwa na haraka. Hivyo atakayemfunga Alzhan sawasawa kwenye kiti chake cha gari ndiye atakayempeleka Jumapili, na ndiye atakayekata. Anataka mwanawe afuate mtu makini.

Mwanangu Daulet yuko zamu kwenye visima vya mafuta huko magharibi. Kwa simu alisema anakubaliana na mkewe. Sijui nilimlea vipi.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeanza mimi. Kiti kimekuja na kijitabu cha maelezo. Nimempa mke wangu Kulyash akiweke mahali. Mwanamume hasomi jinsi ya kufunga kitu. Anafunga.

Nimefikiria kama mwenyeji. Mgeni wa heshima tunamkalisha wapi? Juu ya magodoro ya wageni, tena mengi. Mjukuu je? Nimetoa matatu sandukuni, yale ya hariri aliyokuja nayo Kulyash alipoolewa, nikayapanga kwenye siti ya nyuma, juu yake kiti. Kimeangalia mbele, maana mtoto wa ukoo wetu hawezi kuipa milima kisogo. Alzhan kwenye koti lake nene la manyoya. Mikanda nimeilegeza kidogo apumue. Alikaa kama khan kwenye kiti chake cha enzi.

Raushan alikishika kiti kwa mkono mmoja akakitikisa. Kiti kikacheza, Alzhan akacheza, mimi nikatabasamu peke yangu. Akauliza magodoro ya nini. Nikamwambia ya heshima. Akasema, Baba, heshima hii itamrusha mtoto. Kiti kikae juu ya siti tupu, mkanda ukibane kisisogee hata kidogo. Mtoto wa umri huu aangalie nyuma. Na koti livuliwe.

Koti livuliwe. Novemba. Kulyash alikuwa mlangoni na kijitabu mkononi, akiitikia kwa kichwa. Wanawake wameungana.

Jumatano, 15 Novemba

Siku njema. Zamu ya Tolegen.

Gari lake jipya, siti zinapasha makalio moto, mlango unajifunga wenyewe. Kiti akakiweka mbele, pembeni yake, kimeangalia nyuma. Akaniangalia kwa jicho la pembe, kama kusema unaona, mimi nasikiliza.

Raushan akamuuliza kama upande ule kuna mfuko wa hewa. Tolegen kwa fahari: upo, unafumuka kufumba na kufumbua. Raushan akamuuliza utafumuka mgongoni mwa nani. Tolegen akaligeukia gari lake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha nikamkaribisha chai, maana kuda ni kuda. Alikunywa bakuli saba akasema angalau yeye hakutandika vitanda.

Alhamisi, 16 Novemba

Mpango mpya. Kamba.

Mimi ni mwana wa wafugaji. Fundo nililofunga halijawahi kumwachia farasi. Magodoro nimepunguza mpaka moja, nani atajua, nikalifunika shuka. Kiti nimekizungushia kamba mara sita, nikapitisha nyuma ya siti, nikakaza kwa goti. Bado kinaangalia mbele. Ya kugeuza nitamweleza Raushan baadaye, kwa upole.

Halafu nikataka kujaribu. Mtoto sikumchukua, mimi si mwendawazimu. Nilichukua boga kutoka ghalani, kilo kumi, uzito wake kabisa. Nikalivisha koti la Alzhan. Nikalivisha na kofia yake. Nikalifunga mikanda. Lilipendeza, Kulyash hakupaswa kunikuta nikizungumza nalo.

Nikaendesha uani polepole, mwendo wa mtu anayekimbia. Karibu na geti nikakanyaga breki.

Kiti kiliinama upande. Koti likabaki kwenye mikanda, tupu, mikono imenyooka. Boga likatoka ndani ya koti likapita sikioni mwangu likapasuka kwenye dashibodi. Kofia ikaniangukia mapajani.

Sikushuka haraka. Niliishika ile kofia muda mrefu. Niliogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu yule ng'ombe.

Kulyash alikuja na ndoo. Akafuta mbegu, akaifungua ile kamba fundo moja moja.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimetafakari. Boga linateleza. Mtoto hatelezi. Tatizo lilikuwa boga.

Lakini sikula vizuri. Boga lililobaki Kulyash amelipika na wali, na kila nikiinua kijiko naona kofia.

Mchana nilitoka nikamkuta Kulyash ndani ya gari, miguu iko nje, goti moja limekandamiza kiti cha Alzhan, anauvuta mkanda kwa uzito wake wote. Kijitabu kimefunguliwa juu ya siti. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anatafuta miwani yake. Miwani alikuwa ameivaa. Umri huo. Nikamhurumia, nikaenda kulala.

Jumamosi, 18 Novemba

Ajabu. Leo nimekwenda garini, kiti hakitikisiki. Nimevuta, nimesukuma, gari zima linatikisika, chenyewe kimetulia. Na kimegeuka kuangalia nyuma. Godoro halipo.

Nimefikiria sana. Ni baridi. Usiku imekuwa baridi kali, vitu vimekaza. Lakini msingi wa kazi ni wangu.

Raushan amekuja kukagua. Akatikisa, hamna kitu. Akamkalisha Alzhan bila koti, akavuta mikanda mpaka hakuweza kuibana kwa vidole, akamfunika blanketi kwa juu. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, Baba, hongera. Kulyash alikuwa karibu. Nikamwambia Raushan ni mazoezi tu. Nimempigia Tolegen. Sikujisifu. Nimempa habari mara tatu.

Jumapili, 19 Novemba

Natamani siku hii ingeishia saa sita mchana.

Safari salama. Alzhan alilala njia nzima. Daulet alitoka uwanja wa ndege akatukuta kijijini. Watu themanini, sinia za nyama, mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Uzi tayari miguuni. Akaniita babu mwenye mkasi.

Kosa langu: nilikichukua kipaza sauti. Nilieleza jinsi nilivyofunga kiti. Nikaendelea. Nikasema mababa wa siku hizi hawajui, na magari yao ya kupasha makalio. Tolegen akasimama. Kwa adabu zote akaomba kuda wake mheshimiwa awafundishe vijana, gari lipo hapo nje, ni dakika moja tu.

Watu wakapiga makofi. Tukatoka uani, wote themanini. Daulet akakifungua kiti akanikabidhi.

Nilianza vizuri. Mkanda nikaupitisha juu, kisha chini, kisha mahali ambapo nadhani hapapitishwi kitu. Kukaza nikakaza. Kifungo kikalia ka. Nilipotaka kutoka, shingo haikuja. Tai yangu ilikuwa imefungwa pamoja na kiti. Mkono wa kushoto nao ulikuwa ndani. Kiti chenyewe kilikuwa huru kabisa, kilianguka mlangoni kikaning'inia kwangu.

Nilisikia Tolegen akicheka. Mimi nilicheka Jumatano, leo ilikuwa zamu yake.

Kulyash akapenya kati ya watu. Akanifungua. Akakigeuza kiti, akapitisha mkanda mara moja, akaweka goti, akavuta, ka. Hata dakika haikufika. Akakitikisa, gari likatikisika.

Raushan alimwangalia, akaniangalia mimi. Alimpa Kulyash mkasi mbele ya watu wote.

Akakata. Alzhan akasimama, akayumba, akaenda hatua kumi na moja, moja kwa moja kwa bibi yake. Roho iliniuma na machozi yalinitoka, yote mawili kwa pamoja. Nilimwambia Daulet ni baridi.

Njiani kurudi Kulyash alisema kitu kimoja tu, kwamba lile boga hatalisahau. Nikamwambia hata mimi.

Jumatatu, 20 Novemba

Tolegen amepiga simu kabla ya chai. Ana mjukuu mwingine kwa binti yake mdogo, wa miezi kumi, nao sherehe yao iko njiani. Anataka kujifunza kufunga kiti ila anaona haya kumuuliza mwanamke. Nikamuuliza kwani jana hakuniona. Akasema aliniona kwa muda mrefu, na kwa maoni yake Kulyash aliingilia mapema, nilikuwa nimekaribia.

Mtu mwelewa, Tolegen. Nimesema siku zote.

Nimemwambia aje saa kumi na gari lake, Kulyash atakuwa sokoni. Siri yote iko kwenye msingi. Nimekwenda kuchukua magodoro, nimekuta sanduku limefungwa kwa kufuli na ufunguo Kulyash ameuvaa shingoni.

Haidhuru. Mito haijafungiwa. Nimechagua miwili, minene.