Mkono Haukuombewa

Habari yenyewe ililetwa na Breki, ndiyo maana mwanzoni hakuna aliyeiamini. Breki ni Dan, kijana wa bodaboda aliyepewa jina hilo kwa sababu pikipiki yake haina. Asubuhi hiyo alifika kwenye kibanda cha chai cha Falis hapa Wabera, mjini Isiolo, akaisimamisha pikipiki kwa soli za viatu kama kawaida yake, akainua simu juu.

"Wasee, sikieni hii! Kuna jamaa huko ng'ambo amestaafu. Mnajua ako na miaka ngapi? Thelathini na tano!"

"Amefutwa huyo," akasema Falis bila kuacha kukoroga sufuria. "Mtu wa miaka hiyo hastaafu. Anafutwa, halafu anaitafutia aibu jina zuri."

"Si imeandikwa hapa, Falis! Sasa kazi yake ni kulala tu na kupiga miguu yake picha ikiwa ufuoni."

"Akuje apigie hapa Isiolo tuone. Kwa hii vumbi, atajuaje ni mguu wake?"

Benchi likacheka. Benchi lenyewe ni ubao mrefu ulioegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na kila tako linajua nafasi yake. Mwisho wa kulia hukaa Mutuma, tunayemwita Pensheni, aliyekuwa karani wa serikali mpaka mwaka juzi. Alistaafu yeye, tai haikustaafu. Kila asubuhi huja ameifunga mpaka kooni, mkononi kamba, na mwisho wa kamba beberu mweusi mwenye ndevu anayeitwa Direkta. Pensheni alimpa mnyama huyo cheo cha mkubwa wake wa zamani kusudi naye aonje raha ya kumwamrisha. "Direkta, toa mguu hapo! Direkta, wacha upuzi!" Akisema hivyo, uso wake hung'aa.

Mwisho wa kushoto hukaa Erot, dalali wa mifugo, maarufu kama Kidole. Siku hiyo alikuwa amejikunyata ndani ya shuka yake kama mtu mwenye malaria, na neno kustaafu lilipotajwa, akaivuta mpaka masikioni.

"Kustaafu ni mpango," Pensheni akaanza, akinyoosha tai. "Mtu anajipanga mapema. Mimi nilifunga mlango wa ofisi, nikarudisha ufunguo, sikugeuka nyuma. Leo niko huru."

"Uko huru na tai?" Falis akauliza.

"Tai ni heshima."

"Na mbona kila siku ikifika saa nne unasimama, unatuambia unaenda mapumziko ya chai? Kwani hii unakunywa saa hizi ni supu?"

Pensheni akaimeza "supu" yake.

"Mimi nataka kustaafu kabla nianze," Breki akasema.

"Wewe ulishastaafu," Pensheni akamrukia, akishukuru kupata mahali pa kutokea. "Abiria anakuita hapo ng'ambo ya barabara mpaka anaamua kutembea."

"Mimi je?" Falis akasema. "Wallahi mimi nikistaafu mtanifuata kaburini mkiwa na vikombe, mniulize kama chai imeiva. Hebu tumuulize mstaafu mpya. Kidole, ni tamu?"

"Ni tamu," Erot akasema. Hata yeye hakuiamini sauti yake.

Mambo yalikuwa hivi. Erot alizaliwa njiani, na jina lake ndivyo linavyosema kwa Kiturkana. Tangu ndevu zimtoke, amekuwa akipanda lori la kwenda soko la Oldonyiro siku ya soko, na siku zisizo za soko anahesabu zimebaki ngapi. Goti moja liliharibiwa na teke la ngamia, la pili likaharibika kwa kulibeba la kwanza. Mke wake Akuam akavumilia, akavumilia, mwishowe akasema imetosha. Ana shamba la vitunguu kule Rapsu, lina maji ya mfereji, lina nyumba ya mabati. Jumapili iliyopita mchungaji alimwita Erot mbele ya kanisa zima, akampokonya fimbo yake ya sokoni, akamwekea mikono kichwani na kumwombea ustaafu mwema. Waumini walipiga makofi. Akuam alilia. Erot naye alilia, ila kwa sababu zake.

Na kabla ya kutoka madhabahuni, Akuam alimnong'oneza, "Baba Sharon, umeapa mbele ya Mungu. Nikisikia umeuza hata kuku, nitaenda Rapsu peke yangu na utabaki hapa kupika ugali wako."

Hiyo siyo kauli ya kuchezea. Erot hajui hata chumvi inakaa wapi.

"Pikapu inakuja kutuchukua saa hii," akaliambia benchi. "Nimekuja kuwaaga tu."

"Sasa mzee wangu, huko Rapsu utakuwa unafanya nini?" Breki akauliza.

"Kuangalia vitunguu."

"Vikifanya nini?"

Erot akalisugua goti. Hilo ndilo swali lililomnyima usingizi. Mbuzi unamgusa mgongo unajua alikunywa maji lini. Fahali unamtazama macho unajua anatoka kwa mtu mwongo. Lakini kitunguu? Ukikipiga kofi mgongoni, hakigeuki hata kukutazama. Aliogopa, na aliona haya kuogopa vitunguu mbele ya watu wazima.

Hapo ndipo Ahmednasir alipotokea.

"Assalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam," Falis akamjibu. Wengine wakasema habari ya asubuhi.

Ahmednasir ni mnunuzi wa mifugo, mrefu, kitambaa begani, ndevu za hina. Amefanya biashara na Erot miaka mingi. Alikuwa amesikia habari za kanisani, akaja kumuaga rafiki. Akakaa kando yake, akamshika mkono. Kitambaa kikateleza kutoka begani, kikafunika mikono yote miwili.

Kwa asiyejua soko letu, nieleze kidogo. Dalali wa kweli hatangazi bei. Anashikana mkono na mnunuzi, juu ya mikono kunatupwa kitambaa, halafu midomo inaongea habari za mvua huku vidole vikifanya biashara. Kidole kimoja kikibanwa ni bei, viwili ni bei nyingine, kiganja kikikwaruzwa ni ongeza, usiwe mchoyo. Mwenye mnyama husimama hapo hapo, na asipokubali, hakuna kilichouzwa.

"Mvua inasemaje?" Ahmednasir akauliza, macho yakiwa barabarani.

"Inapita juu tu," Erot akajibu, macho yakiwa kwa Falis.

"Kuna majani huko Rapsu?"

"Kuna."

Huku Pensheni ameshapanda tena mimbari. "Shida ya watu wetu ni kwamba hawajui kupumzika! Mtu anafikiri akiacha kazi atakufa. Mimi nalala mchana. Nalala! Naamka nikitaka!"

Erot alikuwa anamsikiliza kabisa, hata akatikisa kichwa. Lakini chini ya kitambaa mkono ulikuwa umepata joto. Ukabanwa, ukabana. Ukakwaruzwa, ukakwaruza. Goti likaacha kuuma. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alisikia njaa, na akawa karibu kuomba mandazi.

Kisha Ahmednasir akaachilia mkono, akasimama, akatembea hadi kwenye nguzo ya kibanda alipofungwa Direkta, akafungua kamba na kuanza kuondoka naye.

"Wewe! We!" Pensheni akaruka, chai ikamwagikia tai. "Direkta anaenda wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nimemnunua."

"Kwa nani?"

Ahmednasir akaelekeza kidevu. Benchi zima likageukia Erot. Erot akautazama mkono wake kama ameuokota barabarani.

"Haki ya nani!" Breki akapiga yowe. "Mzee ameuza mbuzi ya wenyewe akiwa ameketi!"

Na kama hiyo haitoshi, pikapu ilikuwa imesimama nyuma yao, juu yake magodoro, masufuria na kuku mwenye hasira. Akuam alikuwa ameshateremka. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Erot."

Jueni kwamba Akuam humwita mume wake Baba Sharon. Akisema Erot, hata mbwa wa jirani hutafuta pa kujificha.

"Mama Sharon, karibu chai..."

"Umestaafu?"

"Nimestaafu."

"Na hiyo mbuzi?"

"Ni mkono." Erot akaufunika kwa shuka. "Mchungaji aliombea kichwa. Mkono haukuombewa."

Falis akaingia ndani ya kibanda kucheka, lakini kibanda ni cha mabati, tukamsikia wote.

Pensheni naye alikuwa ameshika kamba upande mmoja, Ahmednasir upande wa pili, Direkta katikati akitafuna ncha ya tai. "Angalau niambie bei!" Pensheni akasema. Ahmednasir, mtu wa taratibu zake, akamfunika mkono na kumpa bei kwa vidole.

"Huyu mtu ananitekenya!" Pensheni akalia.

Ikabidi anong'onezwe sikioni. Akatulia. Akaiangalia mbuzi, akaiangalia mbingu. Ilikuwa bei nzuri, uso ulisema. Akailegeza kamba. Halafu akaishika tena, kwa mikono miwili.

"Hapana."

"Bei ni mbaya?"

"Bei ni nzuri sana." Sauti ikashuka. "Lakini kesho asubuhi nitaamka nifanye nini? Nifunge tai nimwamrishe nani?"

Hakuna aliyecheka. Pensheni akajishughulisha kuitoa tai mdomoni mwa Direkta, na ilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwenyewe amekataa," Ahmednasir akasema, akaachilia kamba bila kinyongo. "Basi hakuna kilichouzwa."

Maneno hayo yalimchoma Erot kuliko matusi. Maisha yake yote ya soko hakuwahi kugusa mnyama bila mwenyewe kuwa amesimama pale akijua. Dalali anayeuza cha mtu bila mtu ana jina lingine. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nisamehe, Mutuma," akasema. "Nimekukosea. Labda kweli wakati wangu umeisha."

Akainamisha kichwa. Shuka ikamfunika mpaka magotini. Alitaka kulia, na hapa hakukuwa na kanisa la kulisingizia.

Akuam alilikaribia benchi. Kisha akafanya jambo ambalo benchi halikulitarajia. Akakaa pale alipokaa Ahmednasir. Akaingiza mkono wake chini ya shuka.

"Godoro limefungwa vizuri," akasema, macho yakiwa barabarani.

Erot alitaka kujibu, akashtuka. Kidole chake kimoja kilikuwa kimebanwa. Kimebanwa sawasawa, pale pale panapobanwa na watu wa soko.

"Na kuku?" akauliza. Naye akabana vidole vinne.

"Kuku amemdonoa dereva." Ngumi ya Akuam ikajifunga. Hakuna kitu.

"Kamba ilikuwa fupi." Vidole vitatu.

"Kamba ilikuwa sawa. Dereva ndiye alimchokoza." Ngumi bado.

Erot akakwaruza kiganja. Akakwaruza tena, polepole, kama mtu anayeomba. Akuam akakohoa, akarekebisha kitambaa cha kichwa kwa mkono wa pili, akasema leo jua litawaka. Kisha akabana kidole kimoja, akakishikilia.

"Mama Sharon," Erot akanong'ona, akasahau kutazama barabarani. "Nani alikufundisha hii?"

"Nani atanifundisha? Nimelala kando ya huu mkono tangu tuoane. Wewe kila usiku unanishika, unauza mbuzi usingizini. Ng'ombe wa watu wangapi wamepitia kitandani kwangu! Na juzi uliniuzia ngamia kwa bei ya kutupa, nikanyamaza tu."

Sasa ndipo benchi lilipopasuka. Breki alianguka kutoka kwenye pikipiki iliyosimama. Ahmednasir alifuta machozi kwa kitambaa kile kile cha biashara.

Akuam akasimama. "Siku moja ya soko kila mwezi," akatangaza, ili kuwe na mashahidi. "Anakuja Oldonyiro, anauza akiwa macho, mwenye mbuzi akiwa hapo. Siku zingine ni vitunguu. Baba Sharon, panda gari."

Baba Sharon. Erot alilisikia jina hilo likimrudia, akasimama haraka kuliko magoti yalivyoruhusu. Akamshika Pensheni mkono, mkono wazi bila kitambaa, Pensheni akatazama vidole vyake kwa wasiwasi mpaka ukaachiliwa. Akampigapiga Direkta mgongoni. "Hajanywa maji tangu jana," akasema, akapanda.

"Kwa hivyo mzee ameuza nini?" Breki akauliza pikapu ilipowaka.

"Hajauza," Ahmednasir akasema. "Ameuzwa. Na ni bei ya chini, mimi ningetoa vidole viwili."

Pikapu ikang'oka na vumbi lake. Tukaona mkono wa Erot umetoka dirishani, ukipunga. Halafu ukaacha kupunga, ukasimama hewani, hadharani, bila kitambaa wala shuka, vidole viwili juu.

Mkono wa Akuam ukatokea kando yake, ukashika kidole kimoja na kukikunja.