Wasaidizi wa Tiba Arobaini na Wawili wa Akida Abdulrahim

(Hotuba aliyoitoa Akida Abdulrahim mwaka 1909, siku ya kufungua Shule ya Wasaidizi wa Tiba, mteremko wa kusini wa Mlima Meru.)

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake, nayo imeketi pale kwenye kiti cha mbele na naomba mtu yeyote asiikalie. Kwa majumbe wote wa mteremko huu, wa juu kwenye baridi na wa chini kwenye vumbi. Kwa wazee wa rika lililotawala, kwa wazee wa rika linalotawala, na kwa vijana wa rika linaloona limecheleweshwa. Kwa Mwalimu Sadoki wa misheni, ambaye tunajua ana shule yake yenye wanafunzi ndani na tunamwomba asianze kulinganisha. Kwa askari wawili, na yule wa tatu mwenye homa. Kwa wenye ng'ombe, na kwa wasio na ng'ombe kwa sasa. Kwa akina mama mlioacha magimbi shambani. Mabibi na mabwana, salamu. (Makofi ya askari wawili.)

Leo ni siku kubwa kiasi kwamba mlima wenyewe umevua mawingu ututazame. (Watu wanageuka. Mlima umefunikwa mpaka miguuni.) Uliyavua asubuhi, mlipokuwa bado mmelala, kisha ukayavaa tena kwa heshima.

Ndugu zangu, miaka miwili iliyopita niliona, kwa macho haya ambayo Serikali imeyaajiri, kwamba watu wa mteremko huu wanaumia: funza wanawala vidole, majembe yanawakata, vyungu vya moto vinawamwagikia, na wa kuwatibu alikuwa mtu mmoja tu, Jamaldini mfunga vidonda, aliyekuwa akifika kila Alhamisi na sanduku lake la bati. Mtu mmoja. Nikajiuliza, hii ndiyo ordinungi? Maana ordinungi, kwa msiojua Kijerumani, ni kila kitu kukaa kwenye mstari wake, hata mgonjwa. Nikaketi, nikatafakari, nikaandika programu ya kufundisha vijana wetu wenyewe kazi ya kusaidia wagonjwa, programu yenye teori, yaani mambo ya kusema, na praktiki, yaani mambo ya kutenda, na kwa kuwa maendeleo huenda hatua kwa hatua, tumeanza na ya kusema. (Mtu anakohoa nyuma. Wenzake wanacheka.)

Mwenye kikohozi asubiri, wasaidizi wapo. Ni arobaini na wawili. Kwa mujibu wa statistiki nilizoziandaa mwenyewe na kuzihakiki mwenyewe ili kuepusha makosa ya watu wengine, asilimia tisini ya wanafunzi hao wamefaulu vizuri, asilimia tisini nyingine wamefaulu vizuri sana, na waliobaki tunawatia moyo. (Mwalimu Sadoki anahesabu kwa vidole, kisha anaacha.)

Sasa niwaoneshe materiali za kufundishia, ambazo mtu akitoka Moshi leo atasema hajaziona kwao. Askari, funua hicho kitambaa. Huu hapa ni mchoro wa mwili wa binadamu, umechorwa na fundi wa mjini kwa wino wa kudumu. ("Mbona amevaa kanzu?" anauliza mwanamke mmoja.) Amevaa kanzu kwa sababu ya adabu, mama, mafunzo haya yanahudhuriwa na watu wenye wake na mabinti. Mwanafunzi anayetaka kujua ini liko wapi anaelezwa kwamba liko ndani. Na hii hapa ni mifupa, na bila mifupa hakuna tiba duniani. ("Huyo ni punda wangu," anasema Mwalimu Sadoki. "Alianguka kwenye kivuko cha mto Themi wakati wa masika.") Mwalimu, elimu haibagui. Na huu hapa ni mkasi. Umefungwa kwa kamba kwa sababu tunauthamini.

(Mwanamke kijana anasimama katikati ya watu. Ni Nashilu wa Olasiti. Mbele yake, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyofungwa kwenye miti miwili, amelala mama yake, Koko Sinyati, mguu wake umefunikwa kwa majani.)

Binti, maswali ni baada ya hotuba.

("Si swali, Bwana Akida. Mguu wa yeyo, mama yangu, unaoza. Jamaldini alikuwa akiuosha kila Alhamisi, donda likaanza kufunga. Leo ni Alhamisi ya nne hajaja. Tumesikia leo kuna wasaidizi. Naomba mmoja auoshe.")

Mmesikia? Huu ndio ushuhuda. Wananchi wenyewe wanaiita programu kwa jina lake. Binti Nashilu, nakushukuru, na kuhusu Jamaldini nina habari njema, nimekuja nayo hapa mfukoni, barua kutoka Bomani yenye muhuri, nawasomea: "Kwa kuwa Akida Abdulrahim ameripoti kwamba mteremko wake una wasaidizi wa tiba arobaini na wawili, mfunga vidonda Jamaldini hahitajiki tena huko, na amehamishiwa ng'ambo ya mlima pamoja na sanduku lake." Arobaini na wawili, ndugu zangu, wameandika kwa maneno, si kwa tarakimu. Barua hii nitaitia kwenye fremu. (Askari wanapiga makofi. Wanaona wako peke yao, wanaacha.)

("Kwa hiyo ni wewe uliyemwondoa," anasema Nashilu.)

Ni ripoti, binti. Mimi niliiandika tu.

("Walihesabiwa lini hao vijana?" Anayeuliza ni Mzee Lemburis, kichwa cha rika linalotawala. Hajasimama. "Mimi nina wajukuu, nina majirani. Sijasikia kijana wa mtu akihesabiwa.")

Mzee Lemburis, shikamoo. Hapo umegusa jambo ambalo nilitaka kujisifia mwishoni. Mimi ni mtu wa Pwani, lakini naheshimu mila za mahali. Najua hapa watu hawahesabiwi. Mtu ukimwuliza ana watoto wangapi anakujibu, "Wapo," na ukirudia swali anakutazama kama umemwombea msiba. Mwenye ng'ombe hawahesabu, mwenye mbuzi hawahesabu. Sasa fomu ya Boma ina mstari unaouliza, wanafunzi wangapi? Mkatili angepita nyumba kwa nyumba akinyoosha kidole. Mimi nikasema hapana, sitawaletea watu wangu nuksi. Sikumhesabu hata mmoja. Nilikadiria, kwa heshima. (Kicheko kinaanza upande wa akina mama, kinaenea.) Asanteni. Furaha yenu ndiyo mshahara wangu.

("Umefanya vema," anasema Mzee Lemburis, na sasa anasimama. "Basi usiwahesabu hata leo. Waambie wasimame, tuwatazame tu. Jioni ng'ombe wakiingia zizini hatuwahesabu, tunatazama rangi na pembe, na asiyekuwepo tunamjua.")

Ni wazo lenye metodi. Wanafunzi, simameni. (Wanasimama wanaume wanne waliovaa kanzu nyeupe. Watu wanasubiri.) Simameni wote. (Wanne wale wale wanajinyoosha zaidi.) Wengine wako kwenye praktiki. ("Wapi?") Huko na huko. Praktiki hufanyika palipo na watu.

("Huyo wa mwisho ni Saning'o, mume wangu," anasema mwanamke aitwaye Namelok. "Anavunja mawe ya barabara ya Boma. Jana alirudi na kokoto mpaka kwenye nyusi. Baba Lomayani, tangu lini wewe ni tabibu?")

Shemeji, mtu anaweza kuwa na fani mbili. Saning'o, mweleze Nashilu, kwa teori tu, donda hufungwaje.

("Bwana Akida," anasema Saning'o, "sisi tuliambiwa tusimame, tutapewa siku moja ya kupumzika mawe. Habari ya madonda hatukuambiwa.")

Unyenyekevu wa mwanafunzi bora. (Vicheko.) Binti, usilie, mbele ya kofia ya Bwana Mkubwa si vizuri.

("Silii. Mimi sitaki arobaini na wawili, Bwana Akida. Namtaka yule mmoja. Andika barua, uwaambie Bomani wamrudishe.")

Nashilu, nikueleze kama ningemweleza mwanangu. Nikimwomba huyo mmoja, Bwana Mkubwa atauliza, wale arobaini na wawili wamekwenda wapi? Nikisema wamekufa, ataleta dawa ya ndui. Nikisema wamekimbia, ataleta askari. Nikisema kweli, ataleta akida mwingine. Unaona jinsi jambo lilivyo zito? Mguu ni mmoja, cheo changu nacho ni kimoja. Badala yake nakupa ahadi: ndani ya nyumba hii ya shule, iliyo nyuma yangu, yenye ukuta mweupe wa chokaa ambao nyote mmeusifu, tutaweka dawa za kila namna.

("Tutaweka, au zimo?")

Zimo kwa mpango.

(Nashilu anapita mbele ya meza, anausukuma mlango wa shule. Mlango unafunguka bila kelele. Nyuma ya mlango kuna migomba, na mbuzi mmoja anayetafuna.)

Hiyo ni sehemu ya wazi, kwa ajili ya hewa safi. Kuta nyingine tatu zitafuata. Naomba wananchi msisukumane, kila mtu ataiona shule.

(Mzee Lemburis anawaambia wale wanne jambo kwa Kimaa, lugha yao. Wanakunja kanzu zao viunoni, wanainua miti ya ngozi, kila mmoja pembe yake. "Mtafika kwa Jamaldini kesho mchana, mkipitia njia ya juu," anasema. "Mabega yenu yamezoea mawe, na Koko Sinyati si mzito." Koko Sinyati anaongea kwa mara ya kwanza: "Nilikuwa mzito zamani." Namelok anamtwisha mumewe kibuyu cha maziwa. Wanapita mlangoni, katikati ya migomba, kwa sababu ndiyo njia fupi, na watu wanawasindikiza.)

Karani, andika: saa nne asubuhi, wanafunzi wote wa shule wametoka kwa praktiki ya kubeba mgonjwa, wakipitia mlango mkuu. Andika pia kwamba mahudhurio yalikuwa makubwa, na usiandike yalielekea wapi.

Ndugu zangu mliobaki, na wewe askari mwenye homa, tuhitimishe kwa pamoja. Nikisema "Tiba," ninyi semeni "Kwa wote." Tiba! (Askari wawili wanatazamana.) Nikisema "Ordinungi," semeni "Daima." (Mbuzi anaingia kupitia mlangoni.)

Nawashukuru sana. Namshukuru Mwalimu Sadoki kwa punda. Na fundi aliyetuazima mlango, ambao ataufuata kesho. Na kinyozi wa mjini, mkasi wake unarudi leo kabla ya adhuhuri. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, wananchi wapenda maendeleo, kwa kuacha kazi zenu mje kuifungua shule hii ambayo, Mungu akitujalia uzima, mwakani tutaanza kuifikiria.