Wa Nne Kabla ya wa Kwanza

Jumatatu, 2 Februari

Sijawahi kucheza Taji la Ukungu. Si mchezo wa kwanza, si wa pili, si wa tatu. Picha yake niliiona mara moja tu, kwenye fulana ya mtu. Hakuna anayejua haya ila wewe unayesoma.

Ilikuwaje? Nilienda mjini kutoa nakala za vyeti vyangu saiba, pale wanapokodisha kompyuta. Mlango unaofuata ni saluni ya mamake Cherono. Cherono tulisoma shule moja, yeye darasa moja mbele yangu, na hatukuwahi kuongea kwa sababu mimi sikuwa naongea na watu. Akaniita kwa jina. Shantel! Kumbe analijua! Akasema Jumamosi yeye na rafiki yake Weldon wanaanza Taji la Ukungu, mchezo wa nne, kwenye televisheni kubwa iliyo chumba cha nyuma cha saluni. Wanacheza watu watatu. Mwenzao wa tatu ameenda chuo Eldoret. Je, michezo hiyo naifahamu?

Nilitaka kusema hapana. Sauti ikatoka, kubwa na yenye furaha, ikasema nimeicheza yote.

Weldon alikuwa amekaa chini ya draya, maana kiti kingine hakikuwepo. Akainua macho. Akasema afadhali, kwa sababu asiyecheza wa kwanza hawezi kuelewa lolote katika wa nne, na yeye hachezi na watalii.

Watalii!

Lakini nakitaka kile kiti. Tangu tumalize mtihani marafiki zangu wote (wawili) wametawanyika. Mmoja yuko Mombasa kwa shangazi yake, mwingine kwao Lugari wanatayarisha shamba la mahindi. Nikikosa nafasi hii nitabaki kuongea na kuku mpaka chuo kiniite. Kwa hivyo mpango ni rahisi. Nitacheza wa kwanza, wa pili na wa tatu kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 3 Februari

Wa kwanza ni wa zamani sana, hata unapatikana bure mtandaoni. Nimeuweka kwenye kompyuta ya Mildred. Mildred ni dada yetu mkubwa, mwalimu wa chekechea. Sisi ni wasichana wanne, yeye wa kwanza, mimi kitinda mimba. Nilimwambia najifunza kompyuta. Alifurahi mpaka akaniletea mto wa kukalia. Nikaona haya. Nikaukalia.

Mchezo ni mzuri! Wewe ni Nira, binti wa mhunzi, na unatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Ukungu umeiba taji la mfalme. Unatakiwa utoke kijijini ulifuate. Shida ni kwamba kijiji kimejaa wazee wamekaa milangoni. Mchezo haukulazimishi kuwasalimia. Lakini mzee ameketi nje ya nyumba yake, unampitaje? Nikasalimia. Wote. Kila mmoja ana maneno yake. Mmoja alinieleza habari za goti lake kutoka mwanzo. Bibi mmoja pale darajani akaniambia nisipotee tena, na ndiyo kwanza tunaonana.

Jioni imefika sijatoka kijijini. Siku nzuri sana. Mpango umechelewa kidogo.

Jumatano, 4 Februari

Stima imepotea tangu asubuhi.

Mpango mpya. Huenda si lazima kufuata mpangilio! Huenda mtu anaweza kuanza na wa nne na dhamiri yake ikatulia. Nani wa kuuliza? Kukhu, bila shaka, nyanya yangu mzaa baba. Ametoka Malinya kuja kupimwa macho na analala kwetu. Mambo ya nani hutangulia na nani hufuata, Kukhu anayajua yote. Ila sikutaja mchezo. Kwa Kukhu mchezo ni fahali wawili wakipigana uwanjani, na angeanza hadithi ya fahali wa babu, nayo haiishi kabla ya chakula. Nikauliza kwa kuzunguka.

"Kukhu, kama kuna wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, ni vibaya wa nne kutangulia?"

Kukhu akaacha kuchambua mboga. "Haraka ya nini?"

"Wananingoja Jumamosi."

"Wanakungoja. Na ni wa wapi?"

"Wa Japani, Kukhu."

Akachukua jani moja la mboga, akaliangalia pande zote mbili, akalirudisha. "Japani," akasema. "Na amefika?"

Hapa nieleze. Kiswahili cha Kukhu kina ngeli moja tu. Gari anakuja, sufuria anachemka, mvua amenyesha. Kwa hivyo sikushtuka. Nikajibu kwa sarufi safi kabisa kwamba umefika, uko mjini, saluni.

Akasema, polepole, kwamba wa kwanza harukwi. Kama ni lazima arukwe basi aombwe ruhusa na apelekewe kuku, ili njia yake isifungwe. Jibu zuri kama nini! Kukhu anaheshimu hadithi kuliko Weldon. Nimeamua kuumaliza wa kwanza. Kuku nimemchukulia kama mfano tu.

Alhamisi, 5 Februari

Kuna jambo nyumbani. Mama amesonga ugali huku akifuta machozi. Mildred ameichukua kompyuta yake pamoja na mto. Mezani hakuna aliyenisogezea mboga.

Nimefikiria sana na nimepata jibu. Wamejua nilimdanganya Cherono! Kina mama wa kanisani wote husukwa kwa mamake Cherono. Habari imetembea. Nikaamua nikiulizwa nitasema ukweli wote.

Saa kumi akafika Senge Priscah, dada yake Baba, kutoka Kabras, na kuku hai ndani ya kikapu. Senge hasafiri kwa mambo madogo. Kumbe uongo wangu ni mkubwa kiasi hiki? Akaniita nyuma ya nyumba.

"Shantel, tumesikia. Sasa wewe niambie ukweli. Umefika wapi?"

Nikasema sijafika mbali, Senge, niko kijijini tu, nimewasalimia wazee.

"Wazee umeshawasalimia."

"Wote. Ningewapitaje?"

"Na wakasemanga nini?"

"Mmoja anaumwa goti. Bibi mmoja akaniambia nisipotee tena."

Senge akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wamekupenda," akasema, kama mtu anayetoa pole.

Akaamua tutaenda pamoja Jumamosi, akajionee kwa macho yake. Nikamweleza kwa heshima kwamba nafasi ni tatu tu na zote zimejaa. Akasema atasimama.

Ijumaa, 6 Februari

Mildred alikuwa akianika nguo. Nikaenda kumshikia vibanio. Kisha akasema yeye hakunikataza, ila angefurahi kama ningemwambia mwenyewe, si kusikia kwa Kukhu.

Nikamwambia niliona aibu kwa sababu alinipa hata mto. Machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi. Akaninyooshea kola.

"Nenda tu, mdogo wangu. Na mimi nitapata wangu siku moja."

Maskini, kumbe naye alitaka kucheza! Nikamwambia asihangaike kutafuta wake, wangu tutakuwa tunapokezana.

Mildred akaangusha shati jeupe la Baba kwenye tope. Akaingia ndani. Akafunga mlango.

Sijui nimekosea wapi. Nimelifua shati upya.

Jumamosi, 7 Februari

Niandike yote kwa utaratibu kabla sijaanza kucheka tena.

Tulitoka watatu. Senge na gauni la kanisani, kikapu cha kuku mkononi. Mildred, ambaye dakika ya mwisho alisema anakuja pia, kwa sababu hawezi kuniacha niende peke yangu hata nikiwa nimechanganyikiwa. Na mimi. Saluni ilikuwa imejaa, siku ya Jumamosi. Weldon alikuwa chini ya draya tena, na vipokea sauti masikioni. Senge akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akamuuliza kama yeye ndiye wa Japani.

Weldon akasema hapana, yeye ni wa Lugari.

Senge akauliza goti la babu linaendeleaje. Weldon akasema babu yake alifariki. Senge akampa pole kutoka moyoni. Weldon akashukuru. Cherono akatoka chumba cha nyuma, akatutazama, akauliza kama kuna tatizo. Senge akaweka kikapu chini.

"Tatizo liko. Huyu ni wa nne. Wa kwanza ni huyu hapa, Mildred, na bado hajaolewa. Tumekuja kuuliza mbona mnataka kumruka."

Wanawake wote waliokuwa wakisukwa waligeuza vichwa pamoja na wasusi wao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila kitu, tangu Jumatano. Wa nne ni mimi! Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia upatanisho wa sarufi si wa mtihani tu. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilitaka sakafu inimeze, lakini ni ya vigae. Ikabidi niseme. Na ubaya ni kwamba huwezi kueleza nusu. Kumwambia Senge kwamba ni mchezo, ilibidi nimweleze kwa nini niliuliza kuhusu wa kwanza. Na Cherono alikuwa amesimama palepale. Nikasema. Kwamba hakuna Mjapani, ni mchezo wa televisheni. Kwamba sijawahi kuucheza. Kwamba nilidanganya kwa sababu nilitaka mahali pa kuja.

Senge alicheka mpaka mteja mmoja akamshika asianguke. Mildred alichelewa kuanza, lakini alipoanza ilibidi aketi. Aliniambia sikioni kwamba alikuwa ameshaamua kunikataa kama dada.

Cherono hakucheka. Nikajua kiti kimeenda.

Weldon akasema alijua tangu mwanzo, mtu aliyecheza wa kwanza anaonekana tu. Mimi nikamuuliza kwa unyenyekevu kama yule bibi wa darajani humwambia kila mtu asipotee au ni mimi tu. Akauliza daraja gani. Cherono akamgeukia. Akasema, Weldon, daraja lililo mlangoni mwa kijiji, hata kwenye wa tatu lipo. Weldon akavua vipokea sauti, akavifuta, akakiri kwamba wa kwanza aliusoma tu mtandaoni. Muhtasari. Cherono naye akasema yeye aliwahi kucheza wa tatu tu, akauacha katikati kwa sababu una vyura wengi. Na kwamba wa nne unaanza kwa kusimulia yaliyopita yote, mtu akisubiri chai tu ameshaelewa.

"Kiti bado kipo," akaniambia. "Ila utakuwa mganga, wa kutuponya na kutufufua. Sisi hatutaki kuwa mganga."

Mganga! Nitakuwa mganga mpaka nizeeke.

Tukacheza. Ni kweli, hukosi kitu. Taji, ukungu, yote yanaelezwa. Lakini tulipofika daraja moja la mawe, pembeni kulikuwa na kaburi dogo lenye maua, na maandishi: hapa amelala bibi wa darajani. Wenzangu wakalipita mbio. Mimi nikasimama. Mbele huko wakaliwa na mbwa mwitu, kwa sababu mganga wao hakuwepo.

Weldon akauliza ninafanya nini huko nyuma. Nikasema nasalimia. Wakaningoja. Wote wawili, wakiwa wamekufa, wakaningoja.

Jumapili, 8 Februari

Kukhu ameelezwa. Amesema hiyo haibadilishi kitu. Nimeruka wa kwanza, iwe mtu iwe televisheni, na kuku ameshasafiri kutoka Kabras, hawezi kurudi bila sababu. Kwa hivyo amechinjwa kwa heshima ya Mildred. Obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, nyumba nzima, na Senge akisimulia habari ya goti la babu kwa kila aliyeingia. Firigisi, ambayo kwetu huenda kwa baba mwenye nyumba, Kukhu alimpa Mildred. Baba aliisindikiza kwa macho tu.

Baadaye Kukhu akaniuliza kwa siri kama yule Mjapani alirudishwa kwao salama.

Mildred ameanza kucheza wa kwanza. Anasema anataka kujua ni kitu gani kilichokaribia kumnyang'anya nafasi. Ameshatoka kijijini. Hakusalimia mtu hata mmoja. Mwalimu mzima!

Jumatatu, 9 Februari

Leo mamake Cherono amenisimamisha mlangoni. Msusi wake mmoja amekwenda kujifungua. Akauliza kama naweza kusuka, maana angependa msichana mtulivu wa kumsaidia siku za kazi. Kila siku saluni! Kila jioni chumba cha nyuma, mimi na Cherono na Weldon! Ukweli ni kwamba shuleni tulinyolewa, na kabla ya hapo nilisukwa tu, sikusuka. Nikafungua mdomo nimweleze hayo. Nikamweleza kwamba nimesuka mitindo yote na maharusi ndio ninaowapenda zaidi.

Akafurahi mno. Bi harusi anakuja Ijumaa. Na wasimamizi wake.

Nimeshapata njia. Mildred akiwa kwenye mchezo hasikii kitu, anakaa saa nzima bila kugeuza shingo. Nimeanza kumsuka kwa nyuma, taratibu. Mstari wa kwanza umeelekea sikioni. Wa pili sina hakika unaenda wapi, ila unaenda. Hajagundua.

Basi wewe unayesoma, kama utakutana na Mildred kesho akienda kazini, msalimie kwa mbele, mtazame machoni, usizunguke nyuma yake. Na mtu akikuuliza kichwa kile ni kazi ya nani, tafadhali, hujui.