Kidude cha Mgongoni na Paja la Mbuzi

Leo nimeadhirika, tena kwa paja la mbuzi.

Mnajua mimi na Komora tunajifunza upasuaji hapa hospitalini Garsen. Leo daktari wetu alikuwa anachagua: atakayeshona vizuri ndiye kesho atakayeshika sindano kwa mtu hai, kwa mara ya kwanza. Siku hiyo nimeingoja kuliko watu wanavyongoja harusi. Nyumbani nimejifundisha kwa video, nikashona maganda ya ndizi mpaka ndizi zikaadimika sokoni. (Natia chumvi. Kidogo.)

Asubuhi daktari akaja na mapaja mawili ya mbuzi kutoka buchani, na vidude viwili vya kubandika mgongoni, chini ya shingo.

"Sisi wapasuaji migongo yetu huisha kwa kuinama," akasema. "Ukiinama kupita kiasi, kitatetemeka. Na mimi nitaona hapa kwenye simu."

Nitaona! Angenyamaza tu. Mimi mtu akiniambia ananitazama, hata kutembea nasahau.

Komora akaanza. Kidude kikatetemeka, akajinyoosha, akaendelea. Kikatetemeka tena, akacheka, akaendelea. Moyoni nikasema, maskini, huyu amekwisha.

Zamu yangu. Meza ilikuwa imeshushwa kwa ajili ya Komora, ambaye ni mfupi. Mimi ni mrefu. Niombe ipandishwe? Nikaona nitaonekana msumbufu. (Hilo kosa la kwanza. Mengine hesabuni wenyewe.) Nikainama kidogo tu. Drrr! Nikaruka kama nimeumwa na siafu.

Basi nikaamua: siinami tena. Nikasimama wima, kidevu juu, nikashona kwa kupapasa.

"Wewe, umemeza mwiko?" Komora akaninong'oneza.

Sista Halima, muuguzi wetu, akanitazama toka juu hadi chini. "Mwanangu, unashona ama unapigia bendera saluti?"

Nikaendelea kushona. Kidude kilikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kuliko sifa. Sindano inaingia, inatoka. Mahali fulani nyama ikawa ngumu kidogo, nikaongeza nguvu. (Haikuwa nyama.)

"Haya, yatosha. Rudi nyuma nikague," daktari akasema.

Nikarudi nyuma kwa madaha. Paja likanifuata.

Jamani! Gauni la upasuaji nililovaa ni kubwa, limelegea mbele mpaka linalalia meza. Nilikuwa nimelishona pamoja na nyama, kwa mishono mizuri, yenye nafasi sawasawa. Paja likateleza mezani, likaning'inia tumboni kwangu, likanivuta mbele. Na hapo ndipo, drrr!

"Daktari, mgonjwa anatoroka!" Komora akapiga kelele.

"Hatoroki," akasema Sista Halima, machozi yakimtoka. "Anaenda nyumbani na daktari wake."

Nikajaribu kulibandua kistaarabu. Halikubanduka. (Nimeshasema mishono ilikuwa mizuri.) Ikabidi nisimame pale nimelipakata kama mtoto, daktari akitafuta makasi. Akakata taratibu, midomo ameibana, mabega yanamtikisika. Halafu akaangalia simu yake.

"Mgongo wako umefaulu vizuri sana," akasema. "Aliyeanguka ni mwenye mgongo."

Nikataka kujitetea. Akanikatiza, kwa upole, jambo ambalo lilinichoma zaidi. "Kikitetemeka, unaomba meza ipandishwe. Hakuna aliyekukataza kutazama."

Kumbe kuomba kunaruhusiwa! Kwenye video zangu zote hakuna aliyeomba chochote.

Kwa hiyo kesho Komora anashona, mimi namshikia taa. Chekeni, ruhusa nimetoa. Ila mkikutana na mama yangu huko Tarasaa, tafadhali, kimya kabisa. Ameshatangazia soko zima kwamba kesho mwanawe anapasua mtu.