Kaliba na Bastola ya Kaliba Yake

Kaliba ndiye polisi pekee ninayemfahamu aliyevaa mfuko wa bastola kabla hajapewa bastola.

Alishonewa na fundi viatu wa mtaani kwao: ngozi nene ya kahawia, vifungo vya shaba, uzi mweupe umezungushwa pembeni kwa mbwembwe. Mfuko wenyewe ulikuwa mkubwa, ungeweza kulaza kichanga na shuka lake. Kila akipiga hatua ulilia kama mlango wa choo cha shule. Na kwa kuwa mfuko mtupu hunywea, aliuchomekea chupa ya dawa ya kikohozi ili upate umbo.

Mimi na yeye tulikuwa kaunta ya kituo. Kazi yetu ilikuwa kupokea watu waliopoteza simu, vitambulisho na, mara mojamoja, waume. Kaunta haitaki bastola. Inataka kalamu inayoandika na roho isiyochoka. Lakini Kaliba hakuzaliwa kwa ajili ya kaunta, kwa maelezo yake mwenyewe.

Jina alijitakia. Chai ya kantini haikuwa ya kaliba yake. Kiti cha kaunta hakikuwa cha mtu wa kaliba yake. Hata mvua ikimnyeshea, alikunja uso kama aliyetarajia mvua ya kaliba nyingine. Tukaona tufupishe mambo, tukamwita Kaliba, naye akalipokea kama cheo.

Asubuhi moja kwenye gwaride, mkuu wa kituo akatangaza kwamba zile rivolva zetu za kale zinaondolewa. Mkufunzi wa silaha angeleta aina mbalimbali za bastola zijaribiwe, moja ichaguliwe, na watakaofuzu shabaha waingie doria.

Kaliba aliposikia "doria" alirefuka shingo palepale mstarini.

"Mara ya mwisho ulipiga bastola lini?" nikamwuliza tuliporudi kaunta.

"Chuoni."

"Ulifanyaje?"

"Mkufunzi alitokwa na machozi."

"Ya furaha?"

Kaliba akamgeukia mama mmoja aliyepoteza simu, akamwuliza ilikuwa ya rangi gani.

Kilichomsukuma hasa hakikuwa wahalifu. Alikuwa baba mkwe wake. Mzee alistaafu ukaguzi wa tiketi za treni, na mpaka leo humtazama kila mtu kana kwamba amepanda bila kulipa. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita mkwewe "afande". Alimwita "karani". Kaliba alikuwa tayari kupigwa risasi ili aitwe afande na mzee yule, mradi risasi yenyewe isimguse.

Jumapili hiyo nilialikwa kwao kula. Mzee naye alikuwepo.

"Karani," akaanza, akijipakulia, "nasikia mnabadilishiwa bastola. Mimi kwenye taarifa za habari naona polisi wa nchi nyingi wanabeba ile nyeusi, kama ya plastiki. Na nyie mtapewa hiyo?"

"Hiyo ni milimita tisa, baba," Kaliba akajibu, akijiegemeza. "Ya watu wa kawaida. Mimi nitachukua kaliba ya arobaini na tano, chuma kitupu. Ukiitoa tu, jambazi anaomba maji ya kunywa."

"Umewahi kuitoa?"

"Baba, mengine ni siri za kazi."

Mkewe, fundi cherehani asiyepoteza maneno, hakuinua macho kwenye sahani. "Siri ya kazi ni kwamba sufuria ya presha ikipiga filimbi, yeye huingia chini ya meza."

"Siku ile nilikuwa natafuta kijiko."

Mzee akapangusa mdomo. "Basi vizuri. Watu wamelalamika kuhusu gharama za bastola hizo, kwa hiyo kamati ya usalama ya mtaa imealikwa kuona majaribio. Mimi ndiye mwenyekiti. Nitakuja."

Kaliba akapaliwa. Tulimpiga mgongoni mpaka macho yakarudi mahali pake.

Siku ya majaribio alifika uwanja wa shabaha akiwa amepigwa pasi mpaka anameremeta. Shati lilikuwa jipya, vifungo viwili vya juu viko wazi ili kifua kionekane. Ila kulikuwa na jambo. Tumbo lake, ambalo sote tulilifahamu kwa sababu lilizoea kufika kaunta kabla yake, halikuwepo.

"Tumbo liko wapi?" nikamnong'oneza.

"Mazoezi," akasema, kwa sauti ya mtu anayepumua kwa zamu.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti na asiyeona haya kujisifu. Alizipenda bastola jinsi muuza vitambaa anavyopenda vitambaa. Alizipanga tatu mezani, kamati ikakaa kwenye benchi nyuma ya kamba, mzee katikati, fimbo kati ya magoti.

"Hii ni rivolva mliyoizoea," akaanza. "Ni imara, haina makuu. Lakini ina risasi sita. Zikiisha, unaanza kuhangaika kujaza huku mwenzako anakujia."

Akainua ile nyeusi.

"Hii ni milimita tisa. Zinatengenezwa na kampuni kadhaa, Glock na wenzao, na polisi wa nchi nyingi hupewa bastola za namna hii. Si kwa uzuri wake. Kwa uzuri, hata kiatu changu kinaishinda."

Kamati ikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa hajamaliza.

"Ni nyepesi, na askari huivaa kutwa nzima. Inabeba risasi kumi na tano na zaidi. Vipande vyake ni vichache, kuifungua na kuisafisha si kazi. Nyuma ya mpini hapa unabadilisha kipande, mwenye mkono mdogo inamwenea na mwenye mkono mkubwa inamwenea. Na hii niliyowaletea haina kile kitufe cha usalama cha pembeni, cha kutafuta kwa kidole gumba wakati moyo unakwenda mbio. Usalama wake uko ndani, kwenye kifyatulio. Sheria ya mwenye nayo ni kwamba kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka ameamua kweli kupiga."

"Na hiyo kubwa?" akauliza mjumbe wa kamati, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Arobaini na tano, kwa vipimo vya inchi; ni karibu milimita kumi na moja na nusu. Bastola nzuri, na wapo wanaoimudu. Ila ni nzito, inabeba risasi chache, na ukipiga inarudi nyuma kwa nguvu. Kuna polisi wa nchi kubwa waliowahi kuhamia risasi kubwa kuliko milimita tisa. Baadaye wakarudi kwenye tisa. Risasi zake zimeboreshwa siku hizi, na askari wengi wanapata shabaha vizuri zaidi nazo. Risasi kubwa iliyomkosa mtu imefanya nini? Imetoboa ukuta wa jirani."

Hapo Kaliba akacheka kile kicheko cha kusikika.

"Afande, kwa heshima zote," akasema, akimtupia jicho mkwewe, "hayo ni mahesabu ya mikono ya kawaida."

Mkufunzi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Macho yakatua kwenye mfuko wa kahawia.

"Una nini humo?"

"Nafasi, afande."

"Toa."

Kaliba akatoa chupa ya dawa ya kikohozi, akaiweka mezani kando ya bastola. Ikawa kama tumeletewa silaha ya nne.

"Haya, mikono isiyo ya kawaida," akasema mkufunzi. "Njoo utuonyeshe."

Sote tukavaa vizuia kelele masikioni. Kaliba akasimama kwenye mstari, akaishika ile bastola ya chuma kwa mkono mmoja, ubavu mbele, kidevu juu. Mkufunzi akamwambia mikono miwili. Akashika miwili. Akamwambia atoe kidole gumba nyuma ya bastola, maana kile chuma cha juu hurudi nyuma kama droo. Akakitoa. Mkufunzi alipopiga hatua kusogea kando, kidole kikarudi kwao.

Akafyatua.

Nisikilize vizuri, maana mambo yalikuwa matatu na yote yalitokea kwa pamoja. La kwanza, risasi ilikwenda ikavunja mguu wa ubao wa shabaha. Si ubao wake, ni wa jirani, ambao ulilala chini polepole kama mzee anayejilaza mkekani. La pili, chuma cha juu kilirudi nyuma kikamkwaruza kidole gumba. La tatu ndilo lililotutoa machozi.

Bastola ya namna hiyo ikipiga, hutema ganda la risasi, na ganda hutoka likiwa la moto kama limetoka kwenye mafuta yanayochemka. Lile ganda liliruka juu, likageuka hewani, likaona shati lenye vifungo viwili wazi, likaingia.

Mkufunzi alikuwa hodari kweli. Kabla Kaliba hajaanza kurukaruka, alishamdaka mkono na kumnyang'anya bastola, mtutu ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha. Baada ya hapo akamwacha aruke.

Kaliba aliruka. Alicheza ngoma ambayo haijapata jina. Alijipiga kifua, alijipiga mbavu, akajizungusha, akalia "linashuka, linashuka", kisha akabadilisha, "limesimama, limesimama". Mtu yeyote mwingine, ganda lingeshuka likatokea chini ya shati na mambo yakaisha. Kwa Kaliba halikutoka. Lilikuwa limekwama mahali.

Tukalivua shati kwa nguvu. Ndipo tukaona tumbo lilikokuwa. Lilikuwa limebanwa ndani ya mkanda mpana wa pinki wenye maua, wa kina mama waliojifungua. Ganda lilikuwa limetulia kwenye ukingo wa juu wa mkanda, limeegemea nyama.

Mkufunzi akavuta kamba ya mkanda. Ganda likaanguka. Tumbo nalo likarudi kazini kwa mshindo.

Kwenye benchi, mzee akainuka taratibu, akaegemea fimbo, akauangalia ule mkanda kama alivyozoea kuangalia tiketi ya kughushi.

"Karani," akasema, "huo si mkanda niliomnunulia binti yangu alipojifungua?"

Kaliba akauficha mkanda nyuma ya mgongo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilimwonea huruma, kusema kweli, maana alisimama pale bila shati, kidole kinavuja damu, macho yamejaa maji, na watu wote aliotaka wamheshimu wamepangwa mbele yake kwenye benchi moja. Mkufunzi akamfunga kidole plasta. Halafu, badala ya kumwambia akapumzike, akamtia mkononi ile bastola nyeusi.

"Afande, siwezi," Kaliba akasema kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu nimfahamu.

"Mikono miwili. Kidole gumba kilale mbele, pembeni. Vuta pumzi. Bonyeza taratibu."

Akabonyeza huku amefumba jicho lisilotakiwa kufumbwa. Tundu likatokea kwenye ubao. Ubao wake, safari hii. Akapiga tena, na tena, anavuta kamasi, na matundu yanazidi kujipanga kifuani mwa ile picha ya mtu. Hayakupendeza, yalikuwa yamesambaa kama punje walizotupiwa kuku. Lakini yote yalikuwa ndani.

Alipomaliza alibaki anatazama bastola, kisha ubao, kisha bastola.

Mkuu wa kituo akamfuata mkufunzi, kamati ikiwa inasikiliza. "Sasa, tunachukua ipi?"

"Hii nyeusi. Hakuna mjadala tena."

"Kwa nini? Nataka kamati isikie sababu."

"Askari hodari hunisaidia nini?" akasema mkufunzi. "Hodari atapiga hata na kitasa cha mlango. Mimi nahitaji bastola ambayo askari ataweza kuitumia akiwa ameumia, ametishika, amechanganyikiwa, machozi yamejaa, na hakusikiliza mafunzo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtengeneza kwa makusudi. Leo mmeniletea mmoja, amekamilika." Akamwelekeza Kaliba kwa kidevu. "Kama huyu amepata, kituo kizima kitapata."

Mama wa duka la vifaa akapiga makofi. Mkuu wa kituo akasema sababu hiyo imemtosheleza.

Mtu mwingine angeomba likizo. Kaliba alifika kwa kinyozi jioni ileile, plasta kidoleni, akatangaza kwamba bastola ya kituo kizima imechaguliwa kutokana na majaribio yake. Na ubaya ni kwamba hakusema uongo.

Haikupita muda, barua ikaja kutoka kwa mkufunzi mwenyewe. Kaliba anatolewa kaunta na kuhamishiwa chuo, kitengo cha majaribio ya vifaa. Akaipeleka kwa baba mkwe akiwa ameivaa fahari usoni.

Mzee aliisoma yote, mbele na nyuma, akamrudishia.

"Hongera," akasema. "Afande."

Kaliba alitoka pale akitembea kwa ncha za vidole. Alinipigia simu kunieleza jinsi neno lile lilivyotamkwa, akalirudia mara kadhaa kwa sauti ya mzee.

Siku ya kwanza ya kazi mpya, gari la chuo lilimfuata nyumbani asubuhi. Nilikuwepo, nilikwenda kumuaga. Kaliba akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka kofia sawa.

"Leo tunajaribu bastola gani?" akamwuliza dereva.

"Leo hakuna bastola, afande. Imeletwa dawa mpya ya kupuliza machoni, ile ya pilipili."

"Nzuri sana. Nitampulizia nani?"

Dereva akawasha gari, akatazama barabara, akamwambia arudi ndani mara moja achukue taulo.