Jibu Chini ya Sifuri

Umma wote unatangaziwa kwamba Tuzo ya Watafiti Chipukizi wa Hisabati Tumizi imempata mwenyewe: Profesa Selestine, chipukizi wa miaka hamsini na tisa, mwenyekiti wa kamati ya tuzo hiyohiyo.

Msishangae. Yeye mwenyewe hakushangaa. Kweli, aliyepima miti inayozuia kuta za duara, lile shimo la dhahabu kule Segese, ni mwanafunzi wake Mektilda. Lakini nani alisaini barua ya ruhusa? Nani alipiga muhuri? Basi jina la Profesa likatangulia, la Mektilda likawekwa kwenye shukrani, chini ya mpiga chapa.

"Shikamoo Profesa. Jina chukua," Mektilda alimwambia, machozi yakimlenga. "Ila umefuta alama ya kutoa! Jibu ni hasi nne. Miti haibebi, duara litafukia watu. Kaka yangu Bujiku yumo!"

"Marahaba. Mgeni rasmi hawezi kusomewa jibu lililo chini ya sifuri, binti. Kamati imelipandisha."

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamili, akasomewa chanya nne. Alifurahi huyo! Akaagiza tuzo ikakabidhiwe palepale kwenye duara. Msafara, Mektilda naye akiwemo, ukavuka daraja jipya, ambalo nalo lilipitishwa na Profesa, hadi Segese. Profesa suti mpya, roho kwatu.

Mzee Jilala, kiongozi wa wachimbaji, alisikiliza hotuba yote kwa adabu, kisha akavua kofia yake ngumu, akamvika Profesa.

"Karibu, mzee."

"Karibu wapi?"

"Chini. Hapa kwetu anayesema shimo ni salama ndiye anayetangulia. Sisi tunashuka tukimsikia anaimba."

Profesa akachungulia. Kijiwe kikaporomoka, kikakawia kusikika. Hisabati yote ikamrudia, tangu ya darasa la nne.

"Ndugu wananchi," akasema, jasho likimtiririka, "kamati imeketi sasa hivi. Imebaini kuwa mimi si chipukizi. Kazi ni ya Mektilda, na jibu ni hasi nne. Huenda hata tano!"

Bujiku ndiye aliyeanza kupiga makofi. Duara likazibwa kwa miiba, na Mektilda akapokea tuzo yake akilia waziwazi.

Profesa akawahi gari. Mheshimiwa Kamili akamshika bega.

"Profesa, lile daraja tulilovuka, hesabu zake si mlizipitisha ninyi?"

Profesa akajipenyeza kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

"Basi shuka, baba. Utatangulia darajani kwa miguu, na tukusikie unaimba."